Si Ulafi Wala Uvivu

Ndugu msomaji, bila shaka unamfahamu dada wa namna hii, hata kama hujapata kuketi naye na kumsikiliza. Ana umri wa miaka 28, ameajiriwa, na huu ni mwaka wa nne tangu aolewe. Huamka alfajiri kuwahi daladala, hushinda kazini, na jioni hurudi kulikabili jiko. Tangu siku ya arusi mwili wake umekuwa ukiongezeka mwaka hadi mwaka. Aliacha wali, akaurudia. Aliacha chakula cha usiku, akalala na njaa mwezi mzima. Amekunywa majani ya kila aina aliyouziwa kwa madai kwamba yanayeyusha mafuta. Kilo tatu hupungua, kisha hurudi zikiwa nne. Hedhi yake haina tarehe: mara huja baada ya miezi miwili, mara baada ya mitano. Kidevuni zimeota nywele ambazo huzing'oa kwa siri kabla mumewe hajaamka. Na kila mawifi wanapokuja kumtembelea, macho yao hutua tumboni mwake kabla salamu hazijakwisha.

Dada huyu tumemchora kwa mfano tu. Hatukumpa jina kwa sababu wenye hali kama yake ni wengi mno, na pengine wewe unayesoma ukurasa huu ni mmoja wao, au ni mume, mama au jirani wa mmoja wao. Wengi humwambia maneno mawili tu: "Punguza kula." Yeye mwenyewe naye, baada ya kuambiwa hivyo kwa miaka, huanza kuamini kwamba kweli ni mlafi, mvivu na asiye na nia. Leo tunataka kueleza kwamba huenda jambo liko mahali pengine kabisa, na kwamba hukumu hiyo ya haraka imewanyima wanawake wengi tiba ambayo ipo.

Jina lenye kupotosha

Hali tunayoizungumzia huitwa na waganga sindromu ya ovari polisistiki. Neno sindromu maana yake ni mkusanyiko wa dalili zinazoandamana, wala si ugonjwa mmoja wenye chanzo kimoja. Ovari ni zile tezi mbili zilizo pande mbili za mji wa mimba, ambamo mayai ya mwanamke hukomaa. Na "polisistiki" maana yake ni yenye vifuko vingi.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapoanza. Mwanamke akisikia kwamba ana "vifuko vingi", hudhani ana uvimbe tumboni unaohitaji kukatwa. Sivyo. Vile vinavyoonekana katika kipimo cha ultrasaundi ni vijifuko vidogo vya mayai, vyenye upana usiofikia hata sentimita moja, ambavyo vilianza kukua na kisha vikasimama njiani. Kwa kawaida kila mwezi kijifuko kimoja huwapita wenzake, hupevuka na kulitoa yai. Katika hali hii hakuna kinachofika mwisho wa safari, kwa hiyo hujikusanya vingi kama mahindi yaliyodumaa kwa kukosa mvua.

Hali hii si mpya. Mwaka 1721 tabibu wa Kiitalia, Antonio Vallisneri, aliandika habari za mwanamke kijana wa shambani, mnene na asiyepata mtoto, ambaye ovari zake zilikuwa kubwa kupita kawaida. Mwaka 1935 waganga wawili wa Chicago, nchini Marekani, Irving Stein na Michael Leventhal, walieleza habari za wanawake saba waliokosa hedhi na ambao ovari zao zilikuwa na vijifuko vingi. Kwa miaka mingi hali hiyo iliitwa kwa majina yao. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba humpata zaidi ya mwanamke mmoja katika kila 10 walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajawahi kuambiwa hivyo na mganga. Basi jiulize: katika daladala moja iliyojaa akina mama asubuhi, wangapi wanaubeba mzigo huu pasipo kuujua?

Kwa nini uzito haushuki

Tukila ugali, wali, mkate au sukari, chakula hicho hugeuka kuwa glukosi katika damu. Kongosho hutoa homoni iitwayo insulini, ambayo kazi yake ni kubisha hodi katika milango ya misuli na ini ili sukari hiyo ipokelewe. Kwa wanawake wengi wenye hali hii, milango imekuwa mizito wa kusikia. Insulini hubisha, haitikiwi. Kongosho nalo halikati tamaa, bali hutuma insulini zaidi na zaidi mpaka mlango ufunguke. Matokeo yake ni kwamba sukari katika damu huenda ikawa ya kawaida kwa miaka mingi, lakini insulini iliyomo ni nyingi kupita kiasi.

Wingi huo una gharama. Kwanza, insulini ni homoni ya kuweka akiba: inapokuwa nyingi, huuzuia mwili kuyatoa mafuta ghalani. Pili, ovari hazina uzito wa kusikia kama ilivyo misuli. Zenyewe huisikia insulini vizuri sana, na zikiisikia huongeza utengenezaji wa homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kwa kiasi kidogo. Tatu, insulini hulifanya ini lipunguze ile protini inayozifunga homoni hizo katika damu, kwa hiyo nyingi hubaki huru kufanya kazi. Hizo ndizo zinazoleta ndevu, chunusi na kupungua kwa nywele za utosini, na ndizo zinazozuia yai kupevuka. Aidha, huchangia mafuta kukaa zaidi tumboni. Mafuta ya tumboni nayo huifanya misuli izidi kuwa nzito wa kuisikia insulini. Duara limefunga.

Ndiyo maana, ndugu msomaji, wanawake wawili wanaweza kula chungu kimoja, mmoja akabaki vile vile na mwenzake akanenepa. Huyu wa pili hakutenda dhambi yoyote mezani. Hali hii hufuata ukoo, na mara nyingi mama, shangazi au dada wa mwenye kuugua huwa na dalili hizo hizo, au huwa na kisukari. Hata hivyo, hatupaswi kuelewa vibaya na kusema kwamba hakuna linalowezekana. Mlima ni mkali zaidi kwake kuliko kwa mwenzake, lakini una njia.

Ni vizuri pia kufahamu kwamba wako wanawake wembamba wenye hali hii. Wembamba wao usitumiwe kuwaambia kwamba hawana lolote.

Dalili za kuangalia

Mwanamke na afikiri juu ya jambo hili ikiwa hedhi zake hupishana kwa zaidi ya siku 35 au hazizidi nane kwa mwaka; ikiwa nywele nene zinaota kidevuni, juu ya mdomo, kifuani au tumboni; ikiwa chunusi zimekataa kumwacha baada ya ujana; au ikiwa ametafuta mtoto kwa mwaka mzima bila ya kufanikiwa. Iko dalili nyingine ambayo wengi huidharau: ngozi ya nyuma ya shingo, ya makwapani au ya mapajani hugeuka kuwa nyeusi zaidi na laini kama mahameli. Wasiojua hudhani ni uchafu, wakamsugua binti kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka, au wakamnunulia mafuta ya kujichubua yenye sumu. Weusi huo si uchafu wala hautoki kwa sabuni. Ni alama kwamba insulini imezidi mwilini.

Kwa mujibu wa makubaliano ya wataalamu waliokutana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003, mganga huamua kwamba mwanamke ana hali hii akiona mambo mawili kati ya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au kipimo cha kuzidi kwa homoni za kiume, na vijifuko vingi katika ovari. Kwa hiyo picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Wala haifai kuwaharakia mabinti waliovunja ungo karibuni, kwa maana hedhi za miaka ya mwanzo huwa hazijatulia, na ovari zao kwa kawaida huwa na vijifuko vingi. Vile vile mganga hana budi kupima kwanza mambo mengine yanayofanana na haya, kama vile maradhi ya tezi ya shingoni. Baada ya hapo apime sukari, shinikizo la damu na mafuta yaliyomo katika damu, kwa kuwa wenye hali hii wana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari.

Lengo dogo, faida kubwa

Kosa kubwa la dada wetu ni kujiwekea lengo la kurudi katika gauni alilolivaa akiwa na miaka 18. Lengo hilo humvunja moyo mwezi wa pili tu. Utafiti umeonyesha kwamba kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha mara nyingi kurudisha hedhi, kusaidia yai kupevuka na kupunguza hatari ya kisukari. Kwa mwenye kilo 90, hizo ni kilo nne na nusu hadi tisa. Jirani pengine hataona tofauti yoyote, lakini ovari zitaiona.

Tena si kila faida huonekana katika mizani. Mwanamke anayefanya mazoezi na kula vizuri huweza kuona hedhi zikikaribiana, usingizi ukitulia na pumzi ikiongezeka, huku mizani ikiwa haijatikisika. Akiacha kwa sababu ya mizani, atakuwa ameikata miti iliyokwisha toa maua.

Chungu kimoja

Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu uliotolewa mwaka 2023 unasema wazi kwamba hakuna mtindo mmoja wa chakula ulioonekana kuishinda mingine yote katika hali hii. Kwa hiyo usimwamini anayekuuzia siri. Chakula kinachofaa ni kile kinachoweza kudumu nawe miaka 10, kinachopatikana sokoni kwako, na kinachoweza kuliwa na nyumba nzima.

Tuanze na vinywaji. Anayekunywa chai vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya sukari, ameramba vijiko tisa kabla hajala kitu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia kiasi hicho hicho. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni bora sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani kama vijiko sita, tukihesabu ile ya chai, ya soda, ya maandazi na ya juisi kwa pamoja. Si lazima uiache kwa siku moja. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Ulimi nao hufundishika.

Pili, tuigawe sahani upya. Nusu yake iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi au nyanya chungu. Robo iwe maharage, kunde, choroko, samaki, dagaa, yai au nyama. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi. Katika nyumba zetu nyingi mpango huu umepinduliwa: mlima wa ugali na kijito cha mchuzi. Dona ina nyuzinyuzi zaidi kuliko sembe, na maharage huchelewesha njaa. Anayekula katika sinia moja na wenzake hawezi kujua kiasi alichokula. Hivyo ajipakulie chake pembeni, bila ya kuona haya.

Tatu, mafuta ya kupikia tuyapime kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha chakula kina kilokalori zipatazo 120, na mchuzi wa nyumba moja huweza kumeza vijiko vinane bila ya mtu kuviona. Chipsi, maandazi na vitumbua vinavyoliwa njiani asubuhi navyo tuvihesabu. Viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha pamoja na yai ni kifungua kinywa kinachomfikisha mfanyakazi saa saba mchana pasipo kutafuta soda ya kumwamsha.

Nne, usijinyime mpaka ukazimia. Anayeshinda na njaa mchana kutwa mara nyingi hulipiza usiku, kisha hujilaumu, na kesho yake huanza tena kushinda na njaa. Huo ni mzunguko wa mateso, wala si tiba.

Miguu na misuli

Misuli inayofanya kazi huipokea sukari hata pale insulini inapobisha bila ya kuitikiwa. Hiyo ndiyo sababu mazoezi yana faida hata kilo moja isipopungua. Mwongozo tuliokwisha utaja unashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba, pamoja na mazoezi ya kuijenga misuli siku mbili katika wiki.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mfanyakazi anaweza kushuka kituo kimoja au viwili kabla ya kwake na kutembea kwa haraka. Anayehofia usalama wa njia jioni na atafute wenzake wawili watatu wa mtaani. Kikundi cha kutembea hakidai ada. Misuli nayo haihitaji jumba la mazoezi: kuketi na kuinuka katika kigoda mara 10, kupumzika, na kurudia mara tatu, ni kazi tosha kwa mapaja. Wale wakumbukao mchakamchaka wa shuleni wanajua kwamba mwili ulichangamka bila ya chombo chochote.

Dawa na ahadi za uongo

Zipo dawa zinazosaidia, nazo hutolewa na mganga baada ya kupima. Metformini, inayojulikana kwa wagonjwa wa kisukari, huusaidia mwili kuisikia insulini. Huweza kusumbua tumbo mwanzoni, kwa hiyo huanzwa kwa kiasi kidogo pamoja na chakula. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hupanga hedhi na kupunguza ndevu na chunusi. Kwa mwenye kutafuta mtoto, dawa ya kwanza siku hizi ni letrozoli, inayosaidia yai kupevuka. Wanawake wengi wenye hali hii hupata watoto. Tulirudie neno hili, kwa sababu wengi wamekwisha ambiwa kwamba wao ni tasa.

Kwa upande mwingine, asiyetaka mimba asijidanganye kwamba hedhi iliyopotea ni kinga. Yai huweza kupevuka mwezi wowote bila ya kutoa taarifa, hasa uzito unapoanza kupungua.

Sindano mpya za kupunguza uzito, kama semaglutidi, zimewasaidia baadhi ya watu, lakini ni ghali, huhitaji usimamizi wa mganga, hazitumiwi na mwenye kutafuta mimba, na uzito mara nyingi hurudi zikiachwa. Isitoshe, mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia. Asinunue mtu sindano mitaani. Na kuhusu majani, chai na matone yanayouzwa kwa ahadi ya "kusafisha kizazi" na "kukata tumbo kwa siku saba", tuseme kwa kifupi tu: mengi ya hayo huharisha, na kilo zinazopungua ni maji.

Jambo moja halifai kuahirishwa. Hedhi ikikosekana kwa zaidi ya siku 90, na mimba haipo, muone mganga. Ukuta wa ndani ya mji wa mimba usipotoka kwa muda mrefu huzidi kuwa mnene, na kwa miaka huweza kuleta saratani. Kuukinga si kazi ngumu, iwapo mtu ameonwa mapema.

Neno kwa wa nyumbani

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanawake wenye hali hii hupatwa zaidi na huzuni na wasiwasi, na ni ajabu gani ikiwa kila siku wanasikia mizaha juu ya miili yao? Mume na ajue kwamba mkewe anapopunguza mafuta katika chungu hamnyimi yeye, bali anajiponya. Tena na afuatane naye katika kutembea. Kama mtoto anatafutwa, na mume apimwe, maana uzazi ni wa watu wawili. Mama mkwe na mawifi, kabla ya kuuliza "bado tu?", na wafikiri kwamba swali hilo huyu mtoto wa watu hujiuliza mwenyewe kila mwezi.

Nawe dada, mficha uchi hazai. Anza kwa kuandika tarehe za hedhi zako za miezi sita iliyopita katika daftari, kadiri unavyozikumbuka. Jipime kiuno kwa utepe wa mshonaji na kuandika. Kisha daftari hilo ulipeleke kwa mganga wa magonjwa ya wanawake na kumweleza yote, hata habari za ndevu. Akikuambia neno moja tu, "punguza uzito", na kukufungulia mlango, muulize kwa adabu: je, umenipima sukari? Je, hedhi zangu zimekosekana kwa nini? Una haki ya kujibiwa.

Kesho, katika chai ya asubuhi, toa nusu kijiko cha sukari, na jioni ushuke kituo kimoja kabla ya kwako. Usijipime mpaka mwezi upite.